Siku Niliyomnukuu Kaka

Kaka yangu ni mwananadharia wa siasa. Anafundisha chuo kikuu ng'ambo, na kwetu Isingiro hakuna aliyewahi kuelewa hiyo ni kazi gani. Mama huwaambia majirani kwamba mwanawe anafundisha wanasiasa, nao humpa pole.

Mimi ndiye niliyemsoma. Nafundisha uraia sekondari moja ya Rubwera, na Kiingereza changu hujikongoja lakini hufika. Kila alipochapisha makala alinitumia, na kila alipokuja likizo alinionyesha kwenye simu jinsi wasomi wa huku na kule walivyomnukuu, akichekelea kama mtoto aliyevishwa viatu vipya. Makala iliyompa jina ilihusu wafu. Alidai kwamba waliokufa hawana mamlaka juu ya walio hai. Anayelima leo ndiye wa kuamua, si aliyelala kaburini. Wapo waliomsifu na wapo waliomrarua, lakini kila aliyeandika juu ya jambo hilo ilibidi apitie kwake.

"Ila nyumbani," aliniambia siku moja kwa unyonge, "hajatokea hata mmoja wa kuninukuu." Nilimcheka. Angenukuliwa wapi, kwenye mnada wa ndizi?

Kisha baba akaugua. Alipoona mambo yamekwisha alimwita kaka kutoka ng'ambo mpaka kitandani kwake, akamwambia kibanja chote, yaani nyumba, migomba na kahawa, ni chake yeye mtoto wa kiume. Kaka akajibu, "Ndiyo, baba." Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Nilikuwa nimerudi nyumbani ndoa yangu ilipovunjika, na tangu hapo ni mimi niliyepogolea kahawa ile na kuwauguza wazee. Nilimnywesha baba uji wake, kisha nikaenda kulia migombani.

Baada ya matanga ukoo ulikaa sebuleni. Kahawa kavu ya kutafuna ilipitishwa mkono kwa mkono, na baba mdogo akasema mrithi anajulikana. "Huyu binti yetu tutamtafutia pa kwenda," akaongeza, kana kwamba mimi ni mbuzi aliyepotea njia. Hasira zikanipanda, nikasimama.

"Shikamoo, baba mdogo. Naomba nimnukuu msomi mmoja."

Nikaieleza ile makala kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, hoja kwa hoja, bila kumtazama kaka. Nilipomaliza, baba mdogo aliuliza ni mpumbavu gani aliyeandika upuuzi huo. Nikamnyooshea kidole mwandishi mwenyewe.

Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. "Umenisoma vibaya," akasema taratibu. "Nilisema wafu hawatutawali. Sikusema kwamba ahadi uliyompa mtu akiwa hai inakufa naye. Mimi baba nilimjibu ndiyo."

Nilimchukia pale pale. Mimi napoteza nyumba, yeye anasahihisha mtihani! Lakini namjua kaka yangu; haikuwa mbwembwe za kisomi. Ahadi ile ilikuwa imemkaba kweli, na nikamwonea huruma ingawa sikutaka.

Alimeza kahawa aliyokuwa akitafuna. Kisha akamgeukia baba mdogo.

"Nilimwahidi baba kwamba kibanja nitakipokea. Mbele yenu wote, nimekipokea. Sasa ni changu?"

"Ni chako, waitu, bwana wangu!" baba mdogo akajibu, uso umemng'aa.

"Basi nampa dada yangu. Naomba ukoo mzima uwe shahidi."

Wengine walisonya, na baba mdogo alitoka nje bila kuaga. Mama alipiga makofi peke yake, akamwuliza kaka kama na wanasiasa wake huko anawafundisha hivyo. Mimi nilikuwa nalia tena, safari hii mbele za watu.

Mwaka huu kaka ametoa makala mpya, juu ya ahadi, na watu wameshaanza kuinukuu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, anamshukuru dada yake kwa kumsoma vibaya. Nilimpigia simu papo hapo, nimesimama katikati ya migomba yangu, nikamwambia sikumsoma vibaya hata kidogo.