Namna Nilivyojifunza Kuchagua Mashine ya Kukatia Picha

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilikuwa nimeshona gauni jipya na kununua mtandio wa kulingana nalo, nikidhani nitasimama mbele ya wateja niwaambie wainue kidevu na wasipepese macho. Fundi Mkuu wa studio ile ya Temeke alinitazama kidogo, akanipeleka nyuma ya pazia na kunionyesha meza. Juu yake kulikuwa na ubao mzito wenye mistari na kisu kirefu chenye mpini wa mbao. Akaniambia hapo ndipo nitakapokaa.

Chombo kile tulikiita gilotini. Kisu chake kimefungwa kwa skrubu upande mmoja, nawe unakishusha kwa mkono kama mtu anayeshusha mpini wa pampu ya maji. Picha zilizotoka kwenye chumba cha giza, yaani chumba cha kusafishia filamu na picha, zilikuwa na ukingo mweupe, na kazi yangu ilikuwa kuupunguza mpaka ulingane pande zote nne. Nilidhani nitaijua kabla ya adhuhuri. Fundi Mkuu alinipa furushi la magazeti ya zamani, na kwa wiki mbili sikugusa picha hata moja. Nilikata magazeti tu. Jioni alikuwa akija na rula yake ya chuma, anapima vipande viwili vitatu, anaviacha mezani bila neno na kuondoka. Akiviacha vimetazama juu, vimefaa. Akivigeuza chini, kesho nianze upya.

Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku aliponikabidhi picha za kweli aliketi karibu nami na kunieleza.

"Mteja hajui kamera yangu ni ya aina gani," alisema. "Lakini picha ya baba yake ikikaa upande kwenye fremu, ataiona kila siku mpaka azeeke."

Yeye ndiye aliyenifundisha kutoiamini mistari iliyochorwa kwenye ubao, maana kiwandani huchorwa kwa haraka. Alinifundisha kuipima mashine yenyewe. Unakata karatasi katikati, kipande kimoja unakigeuza tumbo juu, halafu unavikutanisha vipande hivyo pale ulipokata, huku kingo zake za chini zikikaa kwenye rula moja. Vikigusana kutoka chini hadi juu, mashine imenyooka. Ukiona upenyo wa pembe tatu, hata mwembamba kama uzi, mashine hiyo inakata upande, na itakata upande siku zote uwe na jicho zuri namna gani. Alinifundisha pia kwamba picha haishikwi kwa vidole wakati wa kukata. Inashikwa na pau, kipande cha chuma kinachoibana karibu na kisu, kwa sababu bila kubanwa karatasi huvutwa na kisu na mkato unapinda kama ndizi. Na kila tulipofunga kazi, kisu kilifutwa na kupakwa tone la mafuta ya cherehani, maana hewa ya Dar ina chumvi na chuma hakidumu.

Nilikaa pale mpaka macho ya Fundi Mkuu yalipochoka na studio ikafungwa. Aliniandikia barua ya kunitambulisha kwenye maabara moja ya picha za rangi kule Sinza. Huko mambo yalikuwa mengine kabisa. Palikuwa na mashine kubwa iliyomeza filamu upande huu na kutema picha upande ule, na wateja walipanga foleni mpaka barazani. Picha za kawaida zilikatwa na mashine yenyewe, ila picha za pasipoti na zile kubwa za ukutani zilikatwa kwa mkono, na wakataji tulikuwa wawili: mimi na Roze, msichana wa Mbeya aliyekuwa akiimba nyimbo za kwaya yao kwa sauti ya chini akifanya kazi. Tulielewana. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anakunywa chai yake nje ili nisione, ingawa nilimwambia hanikwazi.

Meneja wa pale alikuwa mtu wa saa. Hakuwa mkali, wala hakuwahi kunitukana, lakini kila alipopita alitazama ukutani, kisha akatutazama sisi.

Gilotini yetu ilikuwa na kinga, kipande kirefu cha plastiki angavu kinachokaa kati ya vidole na kisu. Kwa kutumika sana ile plastiki ilikwaruzika mpaka ikawa kama kioo cha bafuni, na huwezi kukata picha ya pasipoti usiyoiona. Nilimweleza Meneja. Akasema ataagiza nyingine. Baada ya siku chache nikamkumbusha, naye akaja mezani, akachungulia, akasema tuifungue kwanza tuone tunachokata. Mpya ikija tutaifunga.

Nilichukua bisibisi nikaifungua mwenyewe, skrubu nne, nikaiweka kwenye droo. Nasema hivi, na nitarudia kusema kila nitakapoulizwa. Nilijua kile kitu kipo kwa sababu gani. Lakini kazi ilikwenda mbio, wateja walifurahi, Meneja alitusifu mbele ya wenzetu, na mie nikajisikia hodari. Kinga mpya haikuja. Nikaacha kuuliza.

Asubuhi moja karibu na shule kufunguliwa, wazazi walijaa wakitaka picha za watoto wao. Roze ndiye aliyekuwa kwenye gilotini, mie nilikuwa naingiza picha kwenye bahasha. Springi inayoushikilia mkono wa kisu juu ilikuwa imechoka, nasi sote tulijua. Alikuwa akipanga picha chini ya kisu, kikashuka chenyewe. Hakupiga kelele. Niliona tu ameacha kuimba. Ncha ya kidole chake cha shahada, mkono wa kushoto, ilikuwa imeondoka. Nilivua mtandio nikamfunga, tukatafuta taksi mpaka hospitali, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama picha za yule mama aliyevaa kitenge zimeharibika.

Siku ya tatu Meneja aliniita ofisini. Aliagiza chai ije, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Akanieleza kwamba wakubwa wanataka maelezo, kwamba Roze atatibiwa kwa vyovyote vile, na kwamba linalobaki ni kuweka mambo sawa ili maabara isifungwe na sote tukakosa kazi.

"Weka saini hapa, dada Zuhura, yaishe," alisema.

Niliisoma mara mbili. Ilisema Roze alifungua kinga bila ruhusa ya mtu yeyote. Hapakuwa na jina langu popote. Ningeweka saini, nisingeguswa kabisa. Wakati ule nilikuwa na watoto wawili na mume wangu yuko benchi, hana kazi, na sitaki kuwadanganya kwamba nilijibu papo hapo. Nilikunywa chai yote. Nilitazama kikombe kilivyo kitupu. Kisha nikamwambia kinga niliifungua mimi, kwa amri yake, na nikamwomba karatasi nyeupe.

Niliandika kwa mkono wangu: nani aliagiza, nani alifungua, springi ilichoka lini, niliomba kinga mpya mara ngapi, na lini niliacha kuomba. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi kuliandika. Maelezo yangu yalikwenda kwa wakubwa. Roze alitibiwa na kulipwa haki yake ya kuumia kazini. Meneja alihamishwa. Mimi nilipewa barua ya onyo na kutolewa kwenye ukataji, nikawekwa kaunta kupokea filamu, na niliona ni haki. Nilikaa kaunta mpaka simu za picha zilipoingia na foleni ile ikayeyuka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa kitengo cha uchapaji cha chuo kimoja. Mkuu wa Kitengo alikuwa mama mmoja mrefu, mpole, na siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya gilotini ya umeme inayokata rundo zima la karatasi kwa mpigo. Haikati mpaka ubonyeze vitufe viwili kwa wakati mmoja, kimoja kwa mkono huu na kingine kwa mkono ule, ili mikono yote iwe mbali na kisu. Aliniuliza kama nimeelewa kwa nini. Nikamjibu kwamba nimeelewa kuliko anavyodhani. Nilifanya kazi pale miaka mingi bila mtu kuumia mezani kwangu, na nilistaafu nikiwa na vidole vyangu kumi na jina safi.

Sasa naishi Kinyerezi na mwanangu na mkewe, Rehema. Rehema ana akili ya biashara. Alinunua printa ya picha akaiweka sebuleni, akaanza kuwatolea watu picha walizozijaza kwenye simu: harusi, mahafali, marehemu. Printa ikawa nzuri, lakini alikuwa anakata kwa mkasi, na kila picha ilikuwa na mawimbi. Alipopata kazi ya shule ya msingi ya jirani, darasa zima la saba, aliniomba twende Kariakoo tukachague mashine ya kukatia.

Muuzaji wa stesheneri alimwonyesha kwanza gilotini ya ubao wa kijani. Rehema aliipenda hapo hapo. Mie nilitoa kwenye mkoba karatasi nilizokwenda nazo, karatasi zenyewe za picha, maana karatasi ya daftari itakatwa na chochote na haikufundishi kitu. Nikakata, nikageuza, nikakutanisha. Upenyo huo hapo. Muuzaji akasema ni wa unywele tu, nani atauona? Nikamwambia nimeuona mimi. Pau ya kubana haikuwepo, na mkono wa kisu ukiuachia juu unashuka wenyewe polepole. Nikaisogeza gilotini hiyo mbali nami.

Ya pili ilikuwa ndogo ya plastiki, yenye kiwembe kinachoteleza kwenye mfereji. Hiyo inafaa kadi za watoto. Kwenye karatasi nene ya picha iliacha ukingo wenye manyoya meupe, na ubao wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ulitembea mezani pamoja na mkono wangu. Ya tatu ilikuwa ya gurudumu. Kisu chake ni duara dogo lililofichwa ndani ya kichwa cha plastiki, nacho kinapita juu ya reli ya chuma. Ukanda angavu unashuka na kuibana picha kabla hujakata. Niliipima mara mbili, haikuacha hata upenyo wa uzi. Ilikuwa pana kuliko picha kubwa kabisa ambayo printa ya Rehema inaweza kutoa, na muuzaji alikuwa na magurudumu ya akiba rafuni. Hilo msilisahau kuuliza nyie mnaonunua, kwa sababu mashine isiyo na kisu cha akiba mjini ni ubao tu.

Rehema hakuridhika. "Mama, ile inakata kumi kwa mpigo," alisema. "Hii mbili tatu. Tutamaliza lini darasa zima?"

Nilimwomba tutoke tukakae kwanza. Nje ya duka palikuwa na benchi, na hapo ndipo nilipomsimulia habari ya Roze, tangu kwenye bisibisi mpaka kwenye kikombe cha chai. Mwanangu mwenyewe hajawahi kuisikia. Rehema alisikiliza akitazama mikono yake.

"Na yeye Roze alijua ni wewe uliyeifungua?" aliuliza.

Nikamwambia nilikwenda kumwona hospitali kumwambia, na Roze akanijibu hivi: "Nilikuona ukiifungua, Zuhura. Nilikuwa nangoja nione kama utasema."

Rehema aligeuka kunitazama. Akaniuliza yuko wapi sasa. Nikamweleza kwamba alirudi kwao, ana duka la vitambaa, na sikukuu zake na zangu tunapigiana simu. Akainuka, akaingia dukani, akamwambia muuzaji afunge ile ya gurudumu.

Siku hizi vijana wengine wa mtaani hunijia na kuniuliza wanunue ipi. Nawaambia waende na karatasi yao, wapime wenyewe, na wasimwonee haya muuzaji anayekunja uso. Nawaambia wajiulize kwanza nyumbani kwao kuna nani, maana chombo cha nyumbani hakikai kwenye chumba chenye mlango wa kufungwa; kinakaa mezani, watu wanakula karibu nacho. Wanaotaka haraka nawaambia haraka ni mkono uliozoea, sio kisu kikubwa. Miaka yangu yote kazini ningeweza kuifupisha hivyo, na sioni aibu kwamba ni fupi.

Picha za shule zilipotoka, Rehema alizipanga mezani. Alianza na upande mrefu. Mie nilifundishwa kuanza na upande mfupi, na nilikwishafungua mdomo nimwambie. Akashusha ukanda, akaibana picha, akasukuma kichwa cha mashine taratibu mpaka mwisho. Ukingo ulitoka safi. Akainua picha, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, hakuniuliza kitu, akachukua nyingine.

Nilifunga mdomo wangu, nikachukua beseni na kwenda uani kuanua nguo. Nyuma yangu nilisikia gurudumu likipita kwenye reli, likarudi, likapita tena, nami sikugeuka.