Keria ya Jumapili

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara na viwanda vya minofu ya samaki vilipofunguliwa kando ya ziwa, mimi nilipata kazi na mume wangu akapoteza yake. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha pamba, wakampunguza. Mimi nilisimama kutwa nzima kwenye meza ya baridi nikichuna sangara, na nikirudi nyumbani Kirumba miguu imevimba hadi viatu vinagoma kutoka. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu pekee ya kulala.

Yeye Jumapili alikwenda Kiseke na baiskeli yake. Kulikuwa na lori lililobeba mawe ya ujenzi kutoka mlimani. Lilipanda tupu, na dereva aliwaruhusu wanaume wasio na kazi wapande nalo pamoja na baiskeli zao, mradi wakifika juu wamsaidie kupakia. Wakimaliza, wanateremka kwa baiskeli mbio mbio, kwenye mawe na makorongo hadi barabarani, kisha wanalisubiri lori tena. Watu wazima hao, wana wake na watoto. Niliona ni utoto tu, nikamwacha aende. Mtu akikosa kazi, angalau awe na pa kwenda.

Siku moja jirani yetu aliyekuwa akiteremka nao alifika mlangoni, mkono umefungwa bandeji.

“Shemeji,” aliniambia, “mimi nimeacha. Ila mwenzako umwangalie. Sisi wengine tunaogopa, kwenye kona tunashika breki. Yeye hashiki.”

Alipoondoka niliikagua baiskeli uani. Raba za breki zilikuwa na miezi mingi, lakini zilikuwa hazijalika hata kidogo. Nilikaa chini palepale. Niliogopa, na kusema kweli nilikasirika pia. Sikuwa na nguvu iliyobaki ya kuwa mjane.

Jumapili iliyofuata nilipanda lori pamoja naye. Kule juu, mawe yalipokwisha kupakiwa, nilimwambia, “Baba, uache mchezo huu.”

“Nikiacha, nifanye nini?”

Nilijifunga kanga vizuri, nikakaa kwenye keria nyuma ya kiti chake, nikamshika kiunoni.

“Haya, twende.”

Alishika breki tangu hatua ya kwanza. Kila kona alisema, “Shikilia,” na mimi nikasikia harufu ya raba inayoungua. Wenzake walitupita wakicheka. Mmoja akapaza sauti, “Mzee leo kapakia mayai!”

Tulipofika chini alisimamisha baiskeli, tukashuka. Mimi nililia, na haikuwa hofu ya mteremko. Kumbe alijua kushika breki. Jumapili zote zile alijua, ila akiwa peke yake hakuona sababu.

Sikumhubiria. Jumapili ya pili yake niliamka tena na miguu yangu ileile, nikaenda. Na iliyofuata. Ikawa hivyo karibu mwaka mzima. Nikiwa kwenye keria nilisinzia, kichwa kimeegemea mgongo wake, huku tukiteremka taratibu kama wagonjwa. Majirani walisema wale wanapendana, mke habanduki kwa mumewe. Mimi nilichotaka ni kulala tu. Lakini ningelala, angeteremka peke yake.