Aliharakisha ankara za maji, dada yake akaishia getini

Saa mbili asubuhi, chai bado inafuka mvuke, na Mama Kipimo ameshawasha profaila, programu inayokaa pembeni ya programu nyingine na kuonyesha kila sehemu yake imetumia muda gani. Macho hayabanduki kwenye kioo.

Wenzake katika kampuni hii ya maji walimpa jina hilo kwa sababu hagusi mstari wa Python, lugha ya kuandikia programu, kabla ya kuupima.

"Kukisia ni ugonjwa wetu," anasema. "Mmoja analaumu mtandao, mwingine hesabu. Unahangaika wiki nzima kuharakisha kitu ambacho hata hakichelewi."

Mwaka jana alipewa programu ya ankara, iliyokuwa ikijikongoja kutwa nzima. Wote waliapa kwamba hesabu ndizo nzito. Profaila ikawaumbua: kijisehemu ambacho hakuna aliyekifikiria kilikuwa kikifungua upya faili la bei kwa kila mteja. Alikiandika upya, faili likasomwa mara moja tu, na ankara zote zikatoka kabla chai haijapoa.

Bosi alifurahi mno, akaagiza keki.

Lakini ghorofa ya chini walikuwepo makarani wa zamu, ambao kazi yao ilikuwa kuilinda programu ile na kuianzisha upya ilipokwama. Sasa hapakuwa na cha kulinda. Mmoja wao alikuwa dada yake, yuleyule aliyemsomesha na kumtafutia kazi hapa.

"Habari za kupunguzwa kazi alizipata getini, kwa mlinzi," anasema. "Kadi yake ilikataa kufungua. Mimi nilikuwa juu, nakata keki."

Dada alipiga simu mara moja tu. "Mdogo wangu, uliona programu inachelewa. Mimi hukuniona?" Tangu hapo hapokei simu za mdogo wake.

"Inaniuma, lakini ana haki," anasema Mama Kipimo. "Nilijua anakaa pale. Sikufikiria tu."

Leo amepewa programu ya dawati la malalamiko. Ripoti ya profaila imetoka, na kosa liko wazi, juu kabisa. Bosi anachungulia mlangoni.

"Vipi, mama, umemkamata mchawi?"

"Bado, bosi."

Bosi akishaondoka, anafunga kompyuta na kushika ngazi za kuteremka kwa makarani wanaoilinda programu hiyo.

"Kupunguzwa watapunguzwa, siwezi kuzuia," anasema. "Jioni nitampigia dada tena, huenda akapokea. Lakini kwanza hawa. Sitaki wasikie getini."