Kiti cha Nyuma Kushoto

Ukitaka kunikasirisha, niletee gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kisha uniambie nilishushe nyuma. Vijana wa Sotik hunifanyia hivyo kila mara. Wameona picha za magari makubwa yanayosukumwa kutoka nyuma, pua juu, makalio chini, wakaamua kwamba hivyo ndivyo gari la mashindano linavyokaa. Mimi huwauliza swali moja tu: tairi zinazofanya kazi ziko wapi? Wananionyesha mbele. Sasa mbona unataka uzito uende nyuma? Hapo mmoja anasema, "Lakini madam, hivyo inakaa poa." Inakaa poa kweli, kama ng'ombe aliyegoma kusimama.

Gari likiondoka kwa nguvu, uzito wake hukimbilia nyuma. Hilo halina dawa. Gari la kuvutwa mbele ukilishusha nyuma, tairi zinazovuta zinabaki nyepesi, zinasaga lami, moshi unatoka, watu wanapiga makofi, na mwenzako ameshafika. Kwa hiyo unashusha mbele, unakaza nyuma lisikae chini, na unatoa kule nyuma kila kitu kisicho na kazi. Gereji ni yangu na mikono ni yangu, na magari niliyoyashusha yanajulikana kuanzia Sotik mpaka Kericho. Sijisifu, nataka tu ujue unamsikiliza nani.

Gari ninalotaka kulisimulia lilikuwa la baba mkwe wangu. Dogo, la Kijapani, la milango mitano, na la zamani kuliko wateja wangu wengi. Alilinunua alipostaafu kazi ya kuendesha lori la majani ya chai. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu na daktari akamwambia kilichopotea hakitarudi, hakumpa funguo mwanawe, yaani mume wangu. Alimtuma aniletee mimi, na ujumbe juu: "Mwambie yule anajua gari achukue gari."

Alinitumia mtu ingawa nilikuwa hatua chache tu, nikianika nguo. Mimi ni Mkipsigis wa Boito, nimeolewa kwa Wakisii wa huku mpakani kati yao na sisi, na kwao kuna heshima inayoitwa chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawakai bega kwa bega, hawatazamani usoni wakapiga gumzo. Sikuyajua hayo vizuri nilipofika. Wiki ya kwanza nilimnyooshea mkono kumsalimia, akaurudisha wake mfukoni haraka na kuanza kuuliza habari za mvua huku akitazama paa. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nililia jikoni, nikidhani mzee hanitaki.

Gari ndilo lililotupatanisha. Jumapili ya kwanza nilipompeleka kanisani, alifungua mlango wa nyuma wa kushoto akakaa pale, mbali nami kabisa kadiri gari dogo linavyoruhusu. Mimi usukani kulia, yeye nyuma kushoto, wote tunatazama barabara. Hakuna anayemtazama mwenzake. Tulipopita lango, mzee akaanza kuongea.

Aliongea mpaka kanisani, na aliongea kurudi. Mtu ambaye nyumbani aliomba chai kupitia wajukuu alinisimulia jinsi mvua ya mawe ilivyowahi kulichana shamba zima la chai akiwa ndani ya lori, na jinsi marehemu mkewe, ambaye sikuwahi kumwona, alivyokuwa akiimba vibaya kanisani na kwa sauti kubwa kuliko wote. Nami nilimwambia mambo ambayo sikumwambia mama yangu. Nilimwambia kwamba wapo wateja wanaonikuta chini ya gari na kuniuliza fundi yuko wapi, na kwamba nacheka lakini inaniuma. Akasema kutoka nyuma, "Mokamwana, wa hivyo ukimtengenezea, mwambie ajaribu kutafuta mahali uligusa. Hataona." Mokamwana ni mke wa mwana. Alilitamka vizuri sana neno hilo.

Basi yakatangazwa mashindano ya mbio fupi, robo maili, kwenye kiwanja cha ndege ndogo ndani ya mashamba ya chai upande wa Kericho. Nilimtuma mume wangu kwa mzee kuomba ruhusa. Jibu likarudi: "Gari ni yake. Afanye kazi yake."

Nikaifanya. Nilitafuta springi fupi za mbele, fupi kutoka kiwandani, kwa sababu wanaokata springi kwa msumeno siwaiti mafundi. Nyuma niliweka springi ngumu na shokabsoba mpya. Nilibadilisha bushi zote za mbele, zile raba za maungio, zilizokuwa zimekwisha, nikaweka klachi inayouma, nikaisafisha injini mpaka ikapumua vizuri kwenye hewa yetu nyepesi ya mlimani. Nikatoa tairi ya akiba, zulia na kiti cha nyuma. Kiti cha abiria cha mbele nilikibakiza, kwa kuwa gari bado lilikuwa la kubebea spea. Na kwa sababu bodi ilikuwa imeliwa na kutu na waandaaji hawaruhusu gari la namna hiyo bila kinga, nilichomelea paipu za chuma, moja ikikatiza pale pale palipokuwa na kiti. Ni kazi safi. Hata leo ukiniambia nizitoe paipu zile nitakuuliza kama unataka nife.

Jumapili iliyofuata mzee alitoka na Biblia na kofia yake. Akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akapapasa kutafuta kiti kama alivyozoea. Mkono ukagusa chuma. Alikifuata kile chuma taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, akakielewa, kisha akafunga mlango bila kuubamiza.

"Baba, mbele kuna nafasi," nikasema, nikitazama usukani.

"Leo nitaenda na pikipiki," akajibu.

Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Sikulifikiria mimi, wala mume wangu aliyepeleka ujumbe, wala mzee aliyetoa ruhusa. Tulikuwa tumezungumzia springi na klachi, na ni kiti kile tu kilichokuwa kinamwezesha kusafiri nami. Kando yangu asingekaa. Angekuwa amefanya nini maisha yake yote, kama leo angekaa bega kwa bega na mke wa mwanawe mbele ya kanisa zima?

Jumapili tatu alikwenda kwa pikipiki ya mwanawe. Nami niliendesha peke yangu nyuma yake, kitabu cha nyimbo kwenye kiti cha abiria, nikiona kofia yake ikiruka kwenye mashimo. Nilikosa hadithi zake, nasema wazi. Nyumbani tulirudi kwenye chai ya kuombwa kupitia watoto.

"Mwambie tu akae mbele," nilimwambia mume wangu, aliporudi wikendi kutoka Chebunyo anakofundisha.

"Mwambie wewe."

"Mimi nitamwambiaje?"

"Basi na mimi nitamwambiaje? Unataka nimfundishe baba yangu heshima?"

Siku ya mashindano niliondoka mapema peke yangu, nikivuka kila tuta kwa kulikata kimshazari ili pua isikwaruze. Kule uwanjani vijana waliliona gari langu, pua chini na matako juu, wakaniuliza kama nimebeba viazi mbele. Nikawaambia wasubiri. Wa kwanza kupangwa nami alikuwa ameshusha nyuma mpaka karibu iguse chini. Bendera ilipoangushwa, tairi zake zikalia na kufuka moshi. Zangu zikaguna mara moja tu na kwenda. Nilipomtafuta kwenye kioo alikuwa bado anahangaika na gia ya pili. Wa pili nikamshinda pia. Wa tatu alikuwa na turbo na alinipita vizuri, nami nikampa mkono, kwa kuwa gari lake lilijengwa na mtu mwenye akili.

Mashindano yalipokwisha, waandaaji waliruhusu kila dereva ampeleke abiria mmoja mwisho wa uwanja na kurudi, mradi amevaa helmeti. Hapo ndipo nilipoiona pikipiki ya mume wangu ikiingia. Nyuma yake alikaa mzee, koti la mvua mpaka magotini, helmeti kubwa ya kufunika uso wote, kioo cheusi kimeshushwa. Alishuka taratibu, hakuivua.

"Ni yetu hii inanguruma?" alimuuliza mwanawe kwa sauti ya kutosha nisikie.

"Ndiyo, Baba."

"Na yeye pia amevaa hii kitu ya kichwa?"

"Amevaa."

"Kioo iko chini?"

Mume wangu akanitazama. Nikakishusha kioo changu upesi.

"Iko chini."

Mzee akasimama akiwaza. Kisha akaja na mkono mbele, akaupata ubavu wa gari, akaupapasa kutoka taa ya nyuma, akaupita ule mlango wake wa zamani na kuufungua wa mbele. Akaingia, akajifunga mkanda, akageuza helmeti yake itazame mbele kabisa. Mimi sikuwa na uso wa kutazamwa, naye hakuwa nao. Vilikuwa viti viwili na helmeti mbili, basi.

"Haya," akasema.

Nilimwendesha kama nilivyoendesha dhidi ya yule wa turbo, bila huruma. Gia ya kwanza ilimbana kwenye kiti, ya pili ikambana zaidi, na nikasikia sauti ndani ya helmeti yake. Nilidhani ameogopa. Alikuwa anacheka, yule mzee, anacheka kwa kukohoa, na alicheka mpaka mwisho wa lami ambapo nilifunga breki na kugeuza. Mume wangu alikuwa anatungoja na pikipiki. Nilipunguza mwendo nisimame.

"Usisimame," mzee akasema. "Enda nyumbani."

Nikampungia mume wangu mkono, nikatoka langoni. Nilivuka Litein watu wakitushangaa, Kapkatet watoto wakakimbia kando yetu wakipiga kelele, sisi tumetulia na helmeti zetu kama watu wenye akili timamu. Mzee hakusema neno. Nilianza kuogopa kwamba nimemsikia akicheka na kwamba hilo nalo ni kosa.

Tulipokaribia Kaplong alikohoa.

"Mokamwana."

"Naam, Baba."

"Hizi wiki tatu sijaongea na mtu."

Nyumba imejaa watu, mwanawe yupo wikendi, wajukuu wanamletea chai. Machozi ndani ya helmeti hayafutiki.

Kwenye njia panda ya Kaplong, Sotik na nyumbani ni kulia. Nikakata kushoto.

"Hii si njia ya nyumbani," akasema. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini zile barabara alikuwa amezipita maisha yake yote.

"Si yenyewe, Baba. Hii inaenda Bomet."

Akajiegemeza kitini.

"Sawa," akasema. "Sasa nikwambie ule mwaka lori ilizima na majani yakaanza kuchemka ndani."