Honi Mbili za Saa Kumi

Muigai hakuwa mtu wa haraka, na ndiyo sababu abiria wa Thika walimpenda na mwenye basi hakumpenda. Basi lenyewe lilikuwa Bedford kuukuu, bodi ya mbao, keria juu ya paa ya kubebea ndizi na magodoro, na honi ya mpira ya kukamua kwa mkono, iliyolia kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Kila siku isipokuwa Jumapili alishuka nalo asubuhi kwenda Nairobi, Juja, Ruiru, hadi mjini, na alasiri akarudi nalo. Ukimwuliza kama haichoshi, alikujibu kwamba barabara haijawahi kuwa ileile mara mbili. Hayo ni maneno ya mtu anayeota akiwa macho, na mimi sikatai kwamba alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mikono yake ilikuwa kwenye usukani na mguu kwenye mafuta, lakini yeye mwenyewe alikuwa mahali pengine. Kahawa ya Ruiru ilipochanua baada ya mvua, harufu iliingia madirishani, naye akapunguza mwendo bila kujijua. Basi zima likapita polepole katikati ya maua meupe, watu kimya, hata kuku waliofungwa miguu chini ya viti wakawa kimya. Wakapita hivyo hadi kwenye mitambo ya mkonge, na ule uvundo ukawaamsha wote kwa pamoja. Hapo Wambua, kondakta wake, Mkamba kutoka upande wa Kilimambogo, alimgusa begani.

"Dereva, rudi sasa. Tuko Juja."

"Niko hapa, bwana."

"Hauko. Nimekuona ukienda."

Alikuwa akienda kwa mama yake. Wote waliopanda basi lile walilijua hilo, kwa hiyo silisemi kwa kumchongea.

Mama yake aliitwa Wangeci. Alikuwa mjane, mnene, mwenye kicheko kinachosikika kutoka mtoni, na hakuwa na mtoto mwingine. Kabla ya Imajensi, Muigai alilala kwake kila Jumamosi. Kisha vita vya msituni vikaja, serikali ikawatoa watu milimani, nyumba zikachomwa, wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Watu wa mlima wa Wangeci waliambiwa wajenge juu ya bonde la Ndarugu, mahali panapoonekana kutoka barabarani, mkono wa kushoto ukielekea Thika. Panaonekana tu. Pasi ya Muigai, kibali chake cha kutembea, ilimruhusu barabara na steji zake, Thika mpaka Nairobi na kurudi, basi. Kuingia kwenye nyasi za kando lilikuwa kosa la kufungiwa. Na waliokuwa ndani ya handaki hawakutoka ila na homgadi, askari wa kulinda kijiji, mbele na mwingine nyuma. Mwendo wa nusu saa kwa miguu ukawa mbali kuliko Mombasa.

Sasa, madereva wa huku kwetu walikuwa na desturi yao. Ukipita kwenu unapiga honi mara mbili, na mama yako popote alipo shambani anainua jembe au kitambaa juu, ili majirani wajue kwamba mtoto wake amepita salama. Mama wa dereva alitembea kwa maringo kwa sababu ya honi hiyo. Dereva aliyepita kwao kimya alisemwa kwamba mji umemla, na maneno hayo hayakumtoka mpaka uzee.

Kwa hiyo mapema mwaka wa hamsini na tano, wa kwanza wa kijiji kile, saa kumi alasiri, akirudi kutoka Nairobi, Muigai alifika kwenye kona ya kabla ya daraja akakamua honi mara mbili. Hakuona kitu ila moshi. Kesho yake akakamua tena. Siku ya sita, ukingoni mwa handaki, kitu cheupe kikainuka na kushuka. Muigai alifurahi mpaka akavuka daraja akiwa katikati ya barabara, na mzee mmoja nyuma akamwuliza kama anataka kuwaua wote kwa furaha yake.

Tangu hapo hiyo ikawa ndiyo siku yake, na zilizobaki zilikuwa saa za kungojea. Kitambaa kilikuwa pale jua kali na pale mawingu. Mvua za masika zilipokuja kilikosekana siku nne, naye hakula vizuri siku hizo nne. Siku ya tano kikainuka tena. Akajisemea kwamba ni homa tu, imepita, akanunua chapati mbili pale Ruiru na kumpa Wambua moja.

Ndoto yake ikakua. Siku pasi zitakapoisha, atamweka mama kiti cha mbele, kile cha karibu na kioo, asikae na magunia. Atampitisha Ruiru kahawa ikiwa imechanua. Atamwonyesha Nairobi yote, mitaa inayozaa mitaa, taa zinazowaka bila mafuta, aseme alivyozoea kusema, kwamba watu wengi namna hii nani anawapikia. Wakirudi watapitiliza hadi maporomoko ya Chania, wasimame karibu na ile hoteli ya Wazungu wasikilize maji bure. Muigai aliiendesha safari hiyo kichwani mara mia, na kila mara alikumbuka kwenda polepole kwenye mashimo.

Wambua, ambaye Wakamba wenzake hawakusumbuliwa kwa pasi kama Wakikuyu, alimwambia siku moja wakiosha basi mtoni, "Si mimi naweza kwenda? Siku yangu ya kupumzika. Nimpelekee hata sukari."

Muigai alisema wangoje kidogo. Walingoja miezi saba. Nadhani aliogopa, maana mtu mwenye kitambaa cheupe kila saa kumi ana cha kupoteza. Mwishowe akatoa ratili mbili za sukari na mche wa sabuni, Wambua akaenda, akarudi jioni amejaa vumbi.

"Nimemwona," alisema. "Homgadi alinizuia hapo kwenye daraja la miti la kuvukia handaki. Nikasema nataka mama wa yule dereva wa honi. Wakaita. Akaja mama mmoja na kitambaa chake mkononi. Nikamwambia, mama, mwanao anakusalimia, ako mzima. Akanishika mikono hivi, akalia. Akasema umwambie asiache kupiga."

"Ako aje?"

"Mwembamba. Lakini ako na nguvu."

"Mwembamba," Muigai alisema. "Kijiji kimewakondesha wote."

Wambua hakuwa amemwuliza yule mama jina lake. Mkamba aliyelelewa akaleleka hamwulizi mama wa watu jina lake. Ni mama, na inatosha. Tena mwaka ule mtu aliyesimama mlangoni mwa kijiji akiuliza majina alikuwa askari, au alikuwa akitafuta cha kuwapelekea askari. Yule mama naye hakuthubutu kulitaja jina la mwanawe mbele ya homgadi. Hivyo watu wawili wenye adabu na hofu walishikana mikono, wakaagana, na hakuna aliyedanganya.

Mwaka wa hamsini na nane mambo yakalegea. Watu wakaanza kutembea. Jumapili moja Muigai aliacha basi Thika, akapanda la mwenzake kama abiria, akashuka darajani kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa amevaa kofia yake ya udereva ili mama aione kutoka mbali. Nyasi zilikuwa ndefu na laini, na kwa miaka mitatu alikuwa hajazikanyaga; alizipita kama anayetembea ndani ya usingizi wake, akiogopa kuguswa begani. Handaki lilikuwa limeanza kufukiwa. Mwanamke aliyekuwa akipeta maharagwe hakuhitaji hata kuelezwa.

"Nyumba ya mama wa dereva ni ile ya pembeni," alisema. "Leo amepata mgeni."

Mama aliyekaa mlangoni aliiona kofia akasimama. Uso wake ulifunguka wote. Kisha akakaza macho, na Muigai naye akakaza macho.

"Wewe si Kang'ethe," alisema.

"Mimi ni Muigai. Namtafuta mama yangu, Wangeci."

Alikaa polepole, akampisha nafasi kwenye ubao. Jina lake lilikuwa Waithira. Alimwambia bila kuzungusha, kwa kuwa watu wa vijiji vile walikuwa wamesahau kuzungusha. Wangeci alikufa masika ya mwaka wa kwanza. Kifua. Alilala siku nne tu. Alizikwa nyuma ya migomba pamoja na wengine.

Muigai alivua kofia. "Na mimi nimempigia honi miaka mitatu."

"Ni wewe?"

"Ni mimi, maitu," alisema, kama alivyozoea kumwita mama yake.

Waithira aliangalia bonde, kule chini ambako barabara ilikuwa uzi mweusi.

"Tuligombana juu ya honi hiyo," alisema. "Kila saa kumi. Yeye akisema ni Muigai wangu. Mimi nikisema nyamaza, huyo ni Kang'ethe, wamemwachilia amepata kazi ya basi. Mwanangu aliendesha lori ya mkonge. Alishikwa na askari akiwa na lori yake. Naye alikuwa akinipigia mara mbili. Mama yako alikuwa mbishi, wewe. Kitambaa kilikuwa chake na hakutaka mwingine akiinue. Hata aliposhindwa kusimama alikilalia; alipokufa ndipo nikakichukua. Nikasema, basi nimemshinda."

"Kwa hiyo alinisikia."

"Alikusikia. Alikujua tangu ile ya kwanza. Ndiye aliyetafuta kitambaa."

Hapo Muigai alilia, wala hakuficha uso. Alikuwa amemkosa mama na amempata, yote kwa sentensi moja, na hakujua aanze na lipi. Safari ya kiti cha mbele ilikuwa imekwisha. Lakini alikuwa amepita kwao na kwao wakajua. Hilo hakuna handaki lililolizuia, na moyo wake ukatulia, nusu ukiuma.

Alipoinua kichwa aliona kwamba Waithira hakuwa akimtazama. Midomo yake ilitembea taratibu, kama ya mtu anayefuata jambo mpaka mwisho wake. Tangu Kang'ethe ashikwe hapakuwa na barua, wala salamu, wala mtu aliyemwona popote. Ilikuwa honi tu. Na ratili mbili za sukari.

"Basi Wangeci alisema kweli," alisema.

"Nisamehe, maitu. Sikujua. Sitapiga tena."

"Utapiga."

"Lakini sasa unajua si yeye."

"Mimi najua," Waithira alisema. "Hawa hawajui. Hapa mimi ni mama wa dereva. Kesho ukipita kimya watakuja hapa mlangoni, wakae palepale ulipokaa, waniulize Kang'ethe amekufa lini. Na mimi sijui, mwanangu. Nitawajibu nini?"