Ving'ora vya Saa Nane

Mwaka 2017 nilikuwa nalipwa kuwatuliza watu kuhusu vita. Nilikuwa mchambuzi katika kampuni moja ya uwekezaji pale Sandton, Johannesburg, na kila Jumatatu niliandika kurasa mbili juu ya ulinzi wa Asia: nani amerusha kombora, nani amepeleka manowari, nani anatunisha misuli tu. Mwishoni nilitakiwa kuchagua neno moja: uwezekano wa vita ni mdogo, wa wastani au mkubwa. Kuhusu rasi ya Korea niliandika "mdogo" wiki baada ya wiki, nikaenda kunywa chai yangu.

Kisha binti yangu akapata kazi ya kufundisha Kiingereza Seoul.

Nilimkataza waziwazi. Akaniuliza kama si mimi ndiye mtaalamu, na kama mtaalamu anasema hakuna vita, tatizo liko wapi. Amezaliwa Nairobi lakini amekulia Johannesburg. Ukimkataza jambo anakuitikia vizuri kabisa, halafu anafanya lake. Akaenda. Tangu siku hiyo kila kombora nililoandika niliona linaelekea darasani kwake.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, fundi wangu wa nywele alikuja nyumbani mapema kunisuka mistari kabla hajafungua saluni yake. Ni mama wa Kikongo, kutoka Bukavu, mkono mwepesi na maneno machache. Saa moja hivi simu ikalia: ujumbe wa sauti kutoka kwa binti yangu. Nikaufungua. Hakukuwa na neno hata moja, ving'ora tu, vikipanda na kushuka kwa sekunde ishirini.

Nilimpigia, hakupokea. Nikapiga tena, kimya.  Nikafungua tovuti ya ndege, nikamshikia nafasi ya kurudi kesho yake, nikamtumia tiketi, nikamwandikia kwa herufi kubwa: RUDI NYUMBANI. Wala sikuwasha habari. Mtu mzima, na kazi yangu ndiyo hiyo.

Fundi aliweka kitana chini. "Weka tena ile sauti, mama."

Nikaiweka. Akaisikiliza macho kayafumba, simu kaibana sikioni. Akaomba airudie mara ya tatu. Nilitaka kumnyang'anya.

"Batu banatembea," akasema. "Sikiliza miguu. Hakuna mutu anakimbia. Na kule nyuma kuko mutoto anacheka." Akanirudishia simu. "Mama, mi nilitoka Bukavu na ile kelele. Ikikuwa ya kweli, viatu unaviacha. Hapa kila mutu iko na viatu yake."

Nikasikiliza. Kweli. Chini ya king'ora kulikuwa na nyayo za watu wengi, taratibu, kama watu wanaotoka kanisani baada ya ibada. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu kinachonitia aibu mpaka leo. Nilikwenda kwenye karatasi yangu mwenyewe ya Jumatatu ile, ukurasa wa pili: nchi nzima itafanya mazoezi ya raia ya kujikinga na mashambulizi ya anga, Jumatano, saa nane mchana. Saa nane yao ni saa moja yetu asubuhi. Niliandika, nikawatumia wateja, na sikuwahi kupiga hesabu hiyo kwa ajili ya mtoto wangu.

Eish. Nilicheka mpaka nikalia, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Fundi akaniacha nimalize, kisha akanivuta kichwa nyuma akaendelea na kazi.

Nusu saa baadaye binti yangu akapiga. Alikuwa chini, kwenye kituo cha treni, mtandao ulikuwa unasumbua. Wanafunzi wake wa miaka minane walimshika mikono wakamshusha ngazi, kwa sababu wao wanajua njia na yeye hajui. Alizungumza haraka haraka, kwa furaha, na mimi nilikuwa nasikia raha ya sauti yake tu, sijali anasema nini.

"Sasa hiyo tiketi ni ya nini?" akauliza.

Nikasema niliogopa. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia neno hilo. Katika nyumba yetu mimi ndiye nisiyeogopa.

 Halafu, kwa Kiswahili, ambacho huwa lazima nimsukume akiseme, akasema, "Mimi pia, mama. Hakuna aliyeniambia ni mazoezi. Nilifikiri ni kweli, na nilitaka uwe na mimi."

Nilimwambia nafasi ya ndege ipo mpaka kesho, na uamuzi ni wake. Akasema atabaki, watoto wana mtihani Ijumaa.