Maneno ya Kijapani katika Zizi la Maroa

Katika chumba alichopanga Monicah Gati mjini Migori, ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa na karatasi ya mistari ya kalamu nyekundu. Kila mstari uliwakilisha maneno ishirini ya Kijapani. Kufikia mwisho wa Februari mistari ilikuwa arobaini na mmoja, na Monicah alikuwa na hakika kwamba anajua maneno mia nane na ishirini.

Jaribio la darasani lilisema vingine. Kwenye kinasa sauti, mzee aliye kitandani anasema kiuno kinamuuma. Mhudumu amjibu nini? Monicah alilijua neno la kiuno, koshi. Alilijua na la kuuma, itai. Lilikuwa katika mstari wa tatu. Lakini yalipokuja yameongozana, yalimpita kama watu asiowahi kuwaona. Alipata thelathini na nane kwa mia.

Mwalimu Motari, aliyefanya kazi ya kiwandani Osaka miaka minne kabla ya kurudi kufundisha, hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliwaambia wanafunzi wake kumi na wawili kwamba kungekuwa na jaribio jingine baada ya wiki tatu. Atakayefika sitini angeandikishwa kwa mtihani wa Nairobi, wa kwenda kazini Japani. Asiyefika angengoja mwaka mzima, na Monicah hakuwa na mwaka wa kungoja. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na nyumbani Kehancha walikwisha kukubaliana kwamba asipoingia kwenye orodha hiyo atarudi kwenye shamba la tumbaku.

Watu wa kwao humuuliza kwa nini Kijapani, lugha ambayo hakuna hata mmoja sokoni wa kuizungumza naye. Jibu lake ni fupi. Kwa miaka miwili alimtunza bibi yake aliyepooza. Alimgeuza, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, hadi muuguzi mmoja akashangaa kuona mgonjwa aliyelala muda wote huo bila kidonda hata kimoja mgongoni. Bibi alipofariki, Monicah alibaki na mikono inayojua kazi moja vizuri, na akasikia kwamba Japani kuna wazee wengi kuliko mikono ya kuwashika.

Siku ile ya matokeo, Risper, msichana wa Kisiwa cha Remba aliyeketi naye dawati moja, aliitazama picha ya ile karatasi ya ukutani kwenye simu ya Monicah, akacheka.

"Dadangu, unayahesabu maneno kana kwamba kesho unayapeleka mnadani."

Yeye Risper hujifunza kwa kugombana na kioo kwa Kijapani. Alikuwa amepata sabini na moja.

Ijumaa Monicah alienda nyumbani, moyoni akiwa na maneno ya kumwambia baba yake kwamba ameshindwa. Alimkuta ameketi kwenye kiti karibu na lango la zizi, mguu umefungwa kitambaa. Kifundo kilikuwa kimeteguka. Baba yake, Mzee Maroa, alimwomba ampelekee ng'ombe mtoni kesho yake, kwa kuwa kaka zake walikuwa shambani wakichuma tumbaku. Monicah akaona habari zake zingoje.

Jumamosi alasiri, mtoni, alikuta ng'ombe wa jirani yao Momanyi wakinywa. Makundi mawili yakachanganyika, yakatenganishwa kwa fimbo na kelele. Monicah hakutaka makosa. Nyumbani kwao ng'ombe hawahesabiwi. Kwa Maroa, kama alivyofunzwa na baba yake, kumnyooshea ng'ombe kidole na kumpa namba ni kumwitia balaa. Kwa hiyo akahesabu kimoyomoyo, tena kwa Kijapani, ili hata miungu ya kwao isielewe: ichi, ni, san. Walifika kumi na tisa, idadi ile ile aliyoihesabu walipotoka zizini. Akapanda nao kilima ameridhika, hasa kwa kuwa hakukwama penye namba yoyote.

Walipokuwa wakiingia zizini, Maroa hakuinuka. Aliwatazama wakipita, akisema jambo dogo kwa huyu na yule, kisha akauliza, "Gati, mtamba wa mahari ya shangazi yako yuko wapi? Na huyu wa Momanyi amekuja kutafuta nini kwetu?"

Monicah akasema wametimia.

"Umewahesabu," baba yake akasema. Hakuwa akiuliza.

"Nimewahesabu, tata. Ni kumi na tisa."

"Namba imefika nyumbani. Mtamba hajafika."

Alimweleza bila hasira. Yule mtamba hutembea ubavuni mwa mama yake, kushoto, kwa sababu mama hana pembe ya upande huo. Leo mama ameingia akigeukageuka, na kushoto kwake hapana mtu. Mgeni naye ameingia wa mwisho, anamwogopa dume, hajui mahali pake pa kulala. Kuna haja gani ya kuhesabu?

Monicah alimrudisha mgeni kwa Momanyi, akamchukua mtamba wao, na njiani kurudi hakuwa akifikiria ng'ombe. Alikuwa na maneno mia nane na ishirini, na hakuna hata moja aliloweza kusema linatembea na nani.

Hakumwambia baba yake kwamba ameshindwa. Jumapili alirudi Migori, akaibandua karatasi ya ukutani, akachora zizi. Alianza na maneno mia mbili tu. Itai akamweka kati ya koshi, atama na onaka, yaani kiuno, kichwa na tumbo, kwa kuwa huyo hatoki peke yake, lazima afuatane na kiungo kinachouma. Nomu, kunywa, akampeleka mtoni na maji, kisha akamfungia dawa pembeni, maana Wajapani hunywa hata tembe. Yalimsumbua kasu na kariru, kuazima kwa anayetoa na kuazima kwa anayepokea, hadi alipokumbuka dume ambalo baba aliwahi kumwazima Momanyi: kasu alisimama langoni kwao likitoka, kariru langoni kwa Momanyi likiingia. Kila jioni aliyaingiza yote zizini moja baada ya jingine, macho amefumba, na lililokosekana alilijua kwa pengo lililoachwa ubavuni mwa mwenzake.

Risper alipouliza amefika maneno mangapi, Monicah alisema hajui. Risper akamwambia sasa ameharibika kabisa.

Jaribio la pili lilifanyika Jumanne. Kinasa sauti kilipotoa sauti ya mwanamke mzee akilalamika, Monicah aliyasikia maneno yakiingia yameongozana, na akajibu. Alhamisi Motari alibandika orodha mlangoni. Walikuwa saba, na la sita lilikuwa jina lake, kwa alama sitini na sita.

Alimpigia baba yake simu akiwa bado amesimama pale mlangoni, akamwambia atakwenda Nairobi, na kwamba maneno aliyajifunza kwa kuyaingiza zizini kama ng'ombe wao. Maroa alishukuru Mungu, akasema mguu sasa unakanyaga. Alama hakuziuliza.

"Nani hakuingia?" akauliza.

Monicah hakuhitaji kutazama karatasi. Alimtajia: neno la bega, neno la blanketi, na lile la kumwomba mtu asubiri kidogo.

"Basi kabla giza halijaingia," Maroa akasema, "nenda ukawatafute."